UZI: Mpangaji anunue hita gani, na ile ahadi ya "tutashusha stima" inamfikia vipi?

1. Kila Julai ubishi huu unarudi hapa mtandaoni. Mmoja anasema stima imeshuka, mwingine anaweka picha ya tokeni na kuuliza imeshuka wapi. Kabla ya saa sita watu wameshatukanana kwa rangi za vyama. Leo sitaji chama wala mwanasiasa. Nataka tuelewane mambo mawili: mpangaji anayetaka kupasha nyumba joto kwa stima achague nini, na ahadi za bei zinamgusa wapi. Uzi ni mrefu, keti.

2. Kwanza kisa changu. Napanga upande wa Limuru: chumba cha kulala kimoja, sebule na jikoni. Wanaojua huko wanajua Julai. Ukungu hadi saa nne asubuhi, nguo hazikauki, sakafu ya simiti unaikanyaga ukiruka. Mwaka huo tulikuwa na mtoto wa miezi minne. Nikanunua hita ya feni ya wati 2000, kwa sababu bei ilikuwa rahisi na muuzaji aliniapia kwamba "hii haili stima." Nikamwamini.

3. Niliweka tokeni za elfu moja. Usiku wa kwanza tukawasha kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tulilala vizuri sana. Usiku wa pili, kabla ya saa tisa, giza. Mita inaonyesha sifuri. Nikadhani imeharibika. Kumbe haikuwa na shida yoyote, ni mimi sikuwa nimepiga hesabu.

4. Mama yangu alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Akafanya alichofanya miaka yote kule nyumbani: akawasha jiko la makaa, likashika vizuri, moshi ukaisha, akaliingiza chumbani. Dirisha limefungwa. Saa kumi na moja mke wangu akaamka kichwa kinampasuka. Akamwita Mama, hakuitika. Mtoto alikuwa amelegea. Tukawatoa nje kwenye baridi, jirani akatupeleka hospitali na gari lake, wakawekewa oksijeni. Wote wako hai. Kuna familia ambazo hazikuamka.

5. Ile hewa inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Watu wengi wanaogopa moshi, lakini makaa yaliyowaka vizuri bila moshi bado yanaitoa. Ukiwa umelala inakulaza zaidi. Kwa hiyo mtu akisema mjadala wa bei ya stima ni kelele za watu wa mtandao, mimi namkumbuka Mama. Tokeni zikiisha saa tisa usiku, kinachofuata kwenye nyumba nyingi ni jiko.

6. Baada ya hapo nikaanza kujifunza. Jambo la kwanza litakuokolea pesa: hita zote za kawaida, ziwe za feni, za mafuta, au zile za waya mwekundu unaong'aa, hutoa joto sawa kwa kila yuniti. Stima yote inayoingia hugeuka joto. Hakuna hita ya elfu kumi na mbili inayotoa joto maradufu ya ile ya elfu mbili kwa stima ileile. Ukiambiwa hivyo dukani, unauziwa maneno.

7. Hesabu yake ni rahisi. Angalia wati, gawanya kwa 1000, zidisha kwa saa. Wati 2000 kwa saa moja ni yuniti 2. Kwa saa 10 ni yuniti 20. Tuseme yuniti moja na kodi zake zote ni shilingi 30, ili tuhesabu kirahisi. Hapo ni shilingi 600 kwa usiku mmoja. Tokeni zangu za elfu moja zilikuwa yuniti 33 hivi. Usiku mmoja na nusu, kwisha. Mita ilikuwa sawa kabisa.

8. Kama joto ni sawa, basi unachagua nini? Unachagua mambo matatu. Joto linaenda wapi: kwa hewa ya chumba kizima au kwa mwili wako? Nani analizima likitosha: wewe au thamostati? Na linakaa muda gani kabla ya kutoroka nje? Ukijibu haya matatu, hita inajichagua yenyewe.

9. Hita ya feni hupasha hewa haraka. Inafaa dakika 20 ukivaa au ukimwogesha mtoto. Ukiizima, baridi inarudi mara moja. Hita ya waya mwekundu hupasha kilicho mbele yake, yaani wewe na kiti chako, na ukuta wa nyuma unabaki baridi. Inafaa mtu mmoja anayefanya kazi mezani. Usiiache ikiwaka umelala, na usiielekeze kwenye pazia, blanketi au nguo za kuanika.

10. Hita ya mafuta, ile yenye mbavu kama za ng'ombe aliyekonda, huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Mafuta yale hayachomwi, yanashika joto tu. Haina waya mwekundu na nyingi huja na thamostati nzuri. Hii ndiyo tuliyonunua kwa ajili ya chumba cha mtoto, ya wati 1500. Thamostati ikiwa chini, kwetu inawaka kama nusu ya muda. Saa 8 ni yuniti 6 hivi, karibu shilingi 180. Bado ni pesa, lakini si 600.

11. Kama nyumbani ni watu wazima tu, msipashe chumba. Pasheni kitanda. Blanketi la stima la wati 60 kwa saa 8 halifiki hata nusu yuniti, shilingi 15 hivi. Chupa ya mpira ya maji moto ya lita 2 inahitaji maji ya birika yenye thamani ya kama shilingi 5. Lakini nisikilize vizuri: blanketi la stima na chupa ya maji moto si vya mtoto mchanga. Yeye mvishe vizuri na upashe chumba kwa kiasi.

12. Ipo mashine inayoshinda hizi zote. Ni ile ya ukutani inayoweza kupoza na pia kupasha joto. Haizalishi joto, inalichota nje na kuliingiza ndani, kwa hiyo yuniti moja ya stima inaweza kukupa joto la yuniti kama tatu. Shida ni kwamba inauzwa ghali, inataka ukuta utobolewe, na ukuta ni wa landilodi. Ukihama, unaiacha au unalipia lile tundu. Kwa mpangaji wa kawaida hapo hapana.

13. Kabla ya kununua chochote, tafuta joto linatorokea wapi. Sisi tuliweka tambara zito chini ya mlango, pazia nene, na zulia kuukuu kwenye simiti. Tukasogeza kitanda mbali na ukuta wa nje. Haikufika elfu mbili na ilisaidia kuliko hita ya kwanza. Lakini kama ni bedsita na unapikia gesi au jiko humo humo, usizibe yale matundu ya juu ya dirisha hata kidogo. Hayo ndiyo yanayokuweka hai.

14. Halafu kuna waya. Soketi yetu ya kawaida ni ampea 13, kwa hiyo mwisho wake ni kama wati 3000. Hiyo ni kama waya wa ukutani uko sawa, na kwenye ploti nyingi fundi alivuta waya mmoja mwembamba ukahudumia nyumba nzima. Chomeka hita moja kwa moja ukutani, usitumie ekstensheni. Baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa ya moto, zima na umwite keretaka. Ya kwetu iliyeyuka upande mmoja kabla sijajua hilo.

15. Sasa tuingie kwenye siasa, maana hadi hapa mtu anaweza kusema "si ununue hita nzuri tu unyamaze." Nilinunua. Lakini bei ya yuniti yangu haitegemei hita peke yake. Inategemea niko kundi gani la wateja. Na hapo ndipo wengi wetu tunabishana bila kujua tunabishania nini.

16. Tangu Aprili 2023, wateja wa nyumbani wako makundi matatu. Wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi wana bei ya chini kabisa. Kutoka 31 hadi 100 ni bei ya kati. Zaidi ya 100 ni bei ya juu. Kabla ya hapo bei ya chini ilienda hadi yuniti 100. Kwa hiyo mtu wa yuniti 60 alitoka kwenye bei ya wanyonge bila kuongeza hata balbu moja. Akikwambia stima ilimpanda, hasemi uongo.

17. Kundi lako huamuliwa na wastani wa miezi mitatu, si mwezi mmoja. Fanya hesabu ya mfano: mtu anatumia yuniti 28 Mei, 28 Juni, halafu Julai anapasha joto, 150. Wastani unaruka hadi 69. Agosti akitumia 120, wastani ni 99. Septemba anarudi 28, lakini wastani bado ni 99. Oktoba ni 59. Baridi iliisha zamani, yeye bado analipa bei ya waliojaliwa. Anarudi kundi lake Novemba.

18. Hii inaeleza ile picha ya tokeni inayoleta vita kila mwaka: "Mbona elfu moja ya Mei ilinipa yuniti nyingi kuliko elfu moja ya Septemba?" Mmoja anajibu serikali imeiba, mwingine anajibu wewe ni wa upinzani. Inawezekana ni wastani tu umehama. Muulize kwanza alitumia ngapi miezi mitatu iliyopita. Nusu ya ubishi itaishia hapo.

19. Kuna jambo jingine ambalo karibu halitajwi jukwaani. Ploti nyingi zina mita moja ya landilodi, halafu kila nyumba ina mita ndogo ya ndani au mnagawana bili. Chukua ploti ya nyumba 12, kila moja yuniti 25. Kila mpangaji peke yake angekuwa kwenye bei ya chini kabisa. Lakini mita kuu inasoma 300. Ploti yote iko bei ya juu, na landilodi anaweza kuongeza yake juu.

20. Maana yake ni kwamba bei iliyowekwa kumlinda mwenye kipato cha chini inaweza kumfikia mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yake na mita yake, ikampita mama mwenye watoto wawili kwenye mabati. Sisemi kuna aliyekusudia hivyo. Nasema ukisikia "tumewakinga wanyonge," uliza: na wale wanaotumia mita moja watu kumi na wawili?

21. Tuje kwenye ahadi. Bei ya tokeni si namba moja. Kuna bei ya msingi. Juu yake kuna gharama ya mafuta ya mitambo ya dizeli, marekebisho ya dola, ushuru wa kusambaza stima vijijini wa asilimia 5 ya bei ya msingi, tozo nyingine ndogo, na VAT ya asilimia 16. Marekebisho ya mafuta na dola hubadilika mwezi kwa mwezi. Ndiyo maana mtu anaweza kupunguza mstari mmoja, mwingine ukapanda, na wote wawili wakaja jukwaani na ushahidi.

22. Tumeshaliona hili. Mwaka 2021 jopo lililochunguza mikataba ya kampuni zinazouza stima kwa taifa lilipendekeza bei ishuke kwa zaidi ya asilimia 33. Januari 2022 ikashushwa asilimia 15. Awamu ya pili haikufika. Aprili 2023 bei mpya zikaanza, wengi wakalipa zaidi. Upande mmoja unakumbuka Januari 2022 peke yake, upande mwingine Aprili 2023 peke yake. Zote zilitokea.

23. Na nani ana uwezo wa kushusha? Bei hupitishwa na EPRA, chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. VAT ni ya Bunge. MCA akikuahidi kushusha tokeni, anaahidi kitu kisicho mkononi mwake. Lakini kaunti si bure. Ndizo zinazopitisha ramani za majengo. Ploti isiyo na dari, yenye waya mwembamba, ilipitishwa na mtu au ilijengwa mtu akiangalia kando. Hilo mwulize MCA.

24. Utasikia pia hoja hii: stima ya mvuke wa Olkaria inazalishwa usiku kucha hata watu wakilala, basi mbona tusiuziwe bei ya usiku? Ni hoja ya maana. Mvuke ndio chanzo kikubwa zaidi cha stima yetu na hauzimwi jua likitua. Viwanda na biashara kubwa tayari zimepewa bei nafuu ya saa za usiku kwa masharti. Mpangaji mwenye hita saa nane usiku analipa sawa na saa mbili jioni.

25. Upande wa pili nao usikike. Anayepinga bei ya usiku nyumbani atasema mita nyingi za tokeni hazitofautishi saa, kuzibadilisha ni pesa, na pesa hiyo itarudi kwenye bili yetu sote. Pia atasema wengi wanaotumia stima usiku ni wenye uwezo. Hayo ni majibu halali. Ila yajibiwe kwa hesabu mezani, si kwa "ninyi mnapenda vya bure."

26. Kwa hiyo mgombea akisimama kwenye mkutano na kusema "tutashusha stima," muulize maswali manne kwa heshima. Utashusha mstari upi? Kwa kundi lipi la wateja? Wapangaji wa mita moja utawafikiaje? Na pengo la pesa litazibwa na nani? Akijibu mawili vizuri, huyo amesoma. Akijibu kwa kumtukana mpinzani wake, umeshapata jibu lako.

27. Na mpangaji, kabla ya Julai: ziba upepo. Pasha kitanda kama ni watu wazima, chumba kama kuna mtoto mchanga. Hita iwe na thamostati, ichomekwe ukutani, na wati zake uzijue. Hesabu usiku mmoja kabla ya kulipa dukani. Muulize landilodi mita ni ya nani na yuniti ni ngapi, mapema, kabla ya kusaini.

28. Mama yuko salama. Mwaka uliofuata alikuja tena Julai, akaikuta ile hita ya mafuta, akaishika mbavu na kusema haina moto. Nikamwambia angoje nusu saa. Jiko lilibaki nje barazani, na likizimika ndipo tunafunga mlango. Kama una mzazi anayekuja kuona mjukuu msimu huu, mpigie leo umweleze habari ya makaa kabla hajapanda gari. Maswali ya hesabu yaweke chini, weka na yuniti zako za miezi mitatu, tutapiga pamoja. Matusi ya vyama nitafuta.